Nunua Mpini, Makali Yatanolewa

Kisu cha kwanza katika mkusanyo wangu sikukinunua. Kilikuwa jikoni kwa mama, Kimara Temboni, Dar es Salaam, ndani ya beseni la vyombo, mpini wake umezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mama alikikatia mchicha, akikichokonolea nazi iliyogoma kutoka kifuuni, na mvua zilipozidi alikitumia kufungulia dirisha lililovimba. Siku mpira ulipokatika niliona ndani yake mti mweusi tii, mzito, umepasuka kwa urefu, lakini bado umebanwa na pete ya shaba. Nikamuuliza ni mti gani. Akajibu bila hata kugeuka: "Mpingo huo. Ni mpini wa babu yako. Hiyo kengee ni ya tatu, za kwanza ziliisha kwa kunolewa."

Kengee tatu, mpini mmoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikamata kisu kwa namna tofauti na watu wengine. Wao wanapitisha kidole gumba kwenye makali, mimi ninageuza mpini kutazama kitako chake.

Sisi Waswahili tumezoea kukisifu kisu kwa makali, na methali inasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini lugha hiyo hiyo inajua jambo la pili: katika mvutano wowote, mwenye nguvu ndiye aliyeshika mpini, na mnyonge ndiye aliyeshika makali. Anayekusanya visu vya jadi anapaswa kusimama upande huo wa mpini. Makali yanaweza kurudishwa na mnoa visu kwa dakika kumi. Mpini ukishatupwa, habari zake zimekwenda nao: mti uliotoka msitu gani, pembe ya mnyama gani, fundi wa wapi, zama zipi.

Makala haya ni kwa yule anayetaka kuanza kukusanya visu vya kukunja, vya jikoni, sime au jambia, bila kuwa na fedha nyingi na bila kujitafutia kesi.

Jifunze kwanza kukiita kisu kwa majina yake

Ukienda kwa fundi au muuzaji ukasema tu "hiki kichuma" na "hako kamti", atakupa bei ya mgeni. Jifunze maneno. Kengee ni lile bapa lenyewe la chuma linalobeba makali. Msuka ni ule mchongoko wa nyuma ya kengee unaoingia ndani ya mpini. Noleo ni pete ya shaba au bati inayobana mpini pale kengee inapoingia, ili mti usipasuke. Ala ni kifuko cha kisu, cha ngozi au cha mti.

Maneno haya yatakuonyesha pia mahali pa kutazama. Visu vingi vya jadi vya kwetu vimeungwa kwa msuka. Mhunzi huuchoma msuka hadi uwe mwekundu, kisha huusukuma ndani ya tundu la mpini, mti ukaungua na kuukumbatia. Ukiona weusi wa kuungua mdomoni mwa mpini, hiyo ni alama nzuri: mpini ulitiwa kwa moto, kwa njia ya zamani. Njia ya pili ni ya vibao viwili vilivyobanwa kila upande wa chuma kwa ribiti. Hivyo ndivyo vilivyo visu vingi vya kiwandani na karibu vyote vya kukunja. Hapo tazama ribiti. Zikiwa na mikwaruzo mipya ya nyundo wakati vibao vina weusi wa miaka mingi, basi kisu kimefunguliwa na kufungwa upya. Si dhambi, ila bei ishuke.

Tikisa kisu karibu na sikio. Kikilia kama njuga, msuka umelegea. Kwa kisu cha kukunja, kifungue na kukifunga mara tano polepole. Springi nzuri ina sauti kavu, na kengee haichezi kushoto na kulia.

Chagua njia moja

Kosa la wanaoanza ni kununua kila kinachong'aa. Baada ya mwaka mmoja wana ndoo ya vyuma, hawana mkusanyo. Chagua njia moja. Unaweza kukusanya visu vya kazi moja, kwa mfano visu vya wagema, ambao kotama yao imepinda kwa ajili ya kukata kole la mnazi. Unaweza kuchagua visu vya eneo moja. Au ufanye kama mimi, ukusanye kwa mpini: kisu kimoja cha kila aina ya mti, pembe na mfupa unaopatikana kwa halali. Njia hii inamfaa mtu wa kipato cha kawaida, kwa sababu kisu cha mpera hakigombewi na mtalii.

Kwa mkazi wa Kimara, safari inaanzia jikoni kwenu, kisha kwa majirani. Wengi watakucheka, na wengi watakupa bure kisu walichokuwa wamekusudia kukitupa. Baada ya hapo zoeana na wanoa visu wanaopita mitaani na baiskeli zenye jiwe la kunolea. Hao wanashika visu vya watu mchana kutwa, na wanajua nyumba ipi ina kisu cha ajabu.

Ukipanda basi la mwendokasi pale Kimara una njia nzuri ya uwindaji. Kituo cha Bucha kina jina linalokufaa, ingawa kwenye mabucha ya siku hizi utakuta zaidi visu vya mpini wa plastiki. Shuka Manzese upite kwenye mitumba, ambako vyombo vya jikoni kutoka Ulaya huuzwa kwa lundo na ndani ya lundo hujificha kisu cha miaka sitini. Gari la Gerezani litakufikisha kwa mafundi chuma wanaotengeneza visu na mapanga kwa springi za magari. Karume na Tandika nako kuna mitumba. Keko, kwa mafundi samani, utapata masalia ya mninga na mtiki yanayotosha mipini kumi. Mwenge, kwa wachonga vinyago, omba vipande vya mpingo vilivyobaki. Ukisafiri kaskazini, wahunzi wa Mamba huko Kilimanjaro bado wanafua chuma mbele ya macho yako.

Jambo la usalama: kisu ulichonunua kifunge kwenye gazeti na kitambaa, ukiweke chini kabisa ya begi, na uende nacho moja kwa moja nyumbani.

Miti: mpingo na ndugu zake

Mpingo ndio mfalme wa mipini ya kwetu. Kiini chake ni cheusi au zambarau iliyokoza, na sehemu ya mti inayokizunguka ni ya njano iliyofifia. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Ndio mti huo huo Wamakonde wanauchonga vinyago, na ndio unaokwenda Ulaya kutengenezwa klarineti na obo. Huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo mpini wa mpingo unaoushika leo ulianza kumea kabla babu yako hajazaliwa.

Kwa sababu hiyo, usikate mpingo kwa ajili ya mpini. Tumia masalia. Tangu Januari 2017 aina zote za jamii yake ziliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na kuusafirisha nje kibiashara kunahitaji vibali. Habari njema ni kwamba mti huu unaweza kutumiwa kwa busara. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu yao ya asili, na wanavijiji wakaanza kuuza mpingo wao kwa bei inayoeleweka.

Mpingo unaigwa sana. Mbinu ya kawaida ni kuchukua mti mweupe na kuupaka rangi ya viatu. Tazama ndani ya tundu la ribiti, au penye mkwaruzo wa zamani. Mpingo ni mweusi hadi ndani, mti wa rangi una weupe chini ya ngozi. Kipangusie kitambaa chenye maji: kikitoka cheusi kama umepangusa kiatu, mrudishie mwenyewe. Na ukiupiga msasa, vaa barakoa, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Mninga ni wa kahawia inayoelekea wekundu, na mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ni mwepesi kuliko mpingo, haujikunji ovyo jua na mvua vinapobadilishana, na hukubali kung'arishwa. Mkongo ni mgumu zaidi, na wekundu wake hukoza kwa miaka. Mtiki, ambao watu wa pwani huuita msaji, una mafuta ndani yake, kwa hiyo huvumilia jikoni penye maji. Unaotumika kwetu sehemu yake hutoka katika mashamba ya serikali kama Longuza, Muheza. Halafu kuna mpera, ambao hakuna anayeuandika vitabuni. Mkulima hukata tawi lake, hulikausha kivulini, hulitoboa na kulitia msuka wa panga. Hunyooka mkononi, haubabui kiganja, na baada ya miaka kumi ya jasho hupata mng'aro wa asali ambao hakuna vanishi inayoweza kuutoa. Kama una nafasi ya kisu kimoja tu cha kuanzia, kiwe cha mpera.

Pembe na mfupa

Pembe ya ng'ombe ni kitu kile kile cha kucha na nywele zetu. Chini ni tupu, nchani ni imara, na fundi mzuri wa mpini hutumia ncha. Ikipashwa moto hulainika, ikabanwa kati ya mbao na kutoka vibao bapa vya kisu cha kukunja. Rangi yake haina mwisho: nyeusi, maziwa, kijivu cha moshi, au zote kwa pamoja kama mawingu ya masika. Mafundi wa Uganda hutumia pembe kubwa za ng'ombe wa Ankole kutengenezea vikombe, vijiko na mipini.

Kuitambua ni rahisi. Iweke mbele ya mwanga: pembe ya rangi nyepesi hupitisha mwanga kingoni. Ipige tupa kidogo mahali pasipoonekana: vumbi la pembe hunuka nywele zilizoungua, vumbi la plastiki hunuka plastiki.

Hapa nina kisa cha kujicheka. Miaka michache iliyopita nilinunua kisu kizuri cha mpini mweusi, muuzaji akiniapia kwamba ni pembe ya nyati. Nililipa bei ya nyati. Nikampelekea mzee mmoja fundi, akakipiga tupa, akanusa, akaniangalia kwa huruma. "Baba, hii plastiki," akasema. "Nawe shukuru. Ingekuwa nyati kweli, ungekuwa umenunua kesi." Alikuwa sahihi, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Mfupa hutokana zaidi na mguu wa ng'ombe au ngamia. Huchemshwa kutoa mafuta, hukaushwa, hukatwa vibao. Ukiutazama kwa karibu utaona vitundu na vistari vidogo vyeusi, kama umechomwa sindano nyingi. Hiyo ni mishipa iliyokuwa ikipitisha damu. Mafundi wa Sheffield, Uingereza, waliuchimba mfupa mikwaruzo na kuutia rangi ya kahawia ili ufanane na pembe ya paa wa Asia. Visu hivyo vimesambaa duniani kote, na huonekana pia kwenye mitumba yetu.

Mipini ya kukimbiwa

Nakaa Temboni, na huenda jina hilo linataja tembo. Leo tembo hatumwoni, tunaona daladala na bodaboda. Kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujua kwamba mpini wa kisu ulichangia kumfukuza mnyama huyu.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilibebwa na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na kutoka huko zikaenda Bombay, London na Connecticut. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa laini na nyeupe, isiyopasuka haraka. Marekani ilifanywa vitufe vya piano na vitana. Uingereza, sehemu yake iliishia Sheffield, kwenye visu vya mezani na vya kukunja vya makampuni kama Joseph Rodgers. Tulipeleka pembe, tukarudishiwa visu.

Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na mkutano wa CITES wa mwaka 1989, lakini majangili hawasomi mikataba.

Faru naye aliuawa kwa ajili ya mpini, na hapo si kwa mfano. Jambia za Yemeni za hadhi ya juu zilitiwa mpini wa pembe ya faru, na mafuta yalipoleta fedha Uarabuni katika miaka ya 1970, vijana wengi wakataka jambia ya kizee. Faru weusi wa Afrika walikuwa kama 65,000 mwaka 1970. Kufikia mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500. Faru Fausta, aliyekufa Ngorongoro Desemba 2019 akiwa na miaka 57, aliishi kupitia kipindi hicho chote. Jambia yenyewe haina hatia. Omani imeiweka kwenye bendera yake, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa binadamu. Jambia nzuri za siku hizi hutiwa mipini ya mti, fedha na vitu vya kiwandani. Tafuta hizo.

Orodha ya kukimbia ni hii: pembe ya ndovu, pembe ya faru, jino la kiboko, pembe ya nyati na swala, na gamba la ng'amba. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, sehemu ya mnyamapori ni nyara ya serikali, na kuimiliki bila kibali ni kosa. Kesi hizo huweza kuendeshwa kama uhujumu uchumi, ambako dhamana ni ngumu na vifungo ni virefu. Neno "ni ya babu" halitakuokoa. Ukikuta kitu cha namna hiyo kwenye sanduku la marehemu, usikiuze, usikitembeze mtaani, usikipige picha ya kutamba. Nenda ofisi ya wanyamapori uulize utaratibu.

Jifunze basi kuitambua pembe ya ndovu, ili usiinunue kwa bahati mbaya. Tazama kitako cha mpini, pale ilipokatwa. Utaona mistari iliyopinda inayokatana kama wavu. Mfupa una vitundu, pembe ya ndovu haina. Plastiki iliyoiiga ina mistari iliyonyooka sambamba, myembamba mno kuwa kazi ya Mungu. Usijaribu kwa sindano ya moto. Plastiki ya zamani iitwayo seluloidi, ambayo ilivumbuliwa Marekani karibu na mwaka 1870 wakati wa kutafuta mbadala wa pembe za ndovu, hushika moto kama karatasi.

Kisu cha kukunja kinasema umri wake

Kisu cha mfukoni si kigeni kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, wakakiita Okapi, jina la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Mpini wake ni wa mti uliopachikwa mwezi na nyota za madini, na mgongoni kuna pete ya kuvuta ili kengee iachie. Kwa sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Ukikiona kwenye lundo, kichukue: hiki kilibuniwa kwa ajili ya mfuko wa Mwafrika.

Kisu cha Kifaransa cha Opinel, kilichoanza Savoie mwaka 1890, ni mti mtupu na chuma kimoja. Pete ya kufungia kengee iliongezwa mwaka 1955, kwa hiyo kisu cha namba ndogo kisitiliwe shaka kwa kukosa pete, ila kisu kikubwa kisicho nayo huenda ni cha kabla ya hapo. Kile cha Waswisi, cha mpini mwekundu wenye msalaba, kilisajiliwa mwaka 1897.

Kwa visu vya Ulaya vilivyopitwa na wakati, soma mihuri chini ya kengee. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilidai bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka, na ya Marekani ya mwaka 1890 ikafanya vivyo hivyo. Kisu chenye jina la mji tu, bila jina la nchi, huenda ni cha kabla ya hapo. Nyota na msalaba kando yake ni alama ya Joseph Rodgers. Na kengee isiyoshika kutu haiwezi kuwa ya karne ya 19, kwa sababu Harry Brearley wa Sheffield alianza kuyeyusha chuma cha namna hiyo mwaka 1913. Akikuambia muuzaji kwamba kisu kinachong'aa kama kioo kilikuwa cha mmisionari wa Bagamoyo wa mwaka 1870, cheka naye, halafu upande gari.

Sime nayo isidharauliwe. Kwa Wamaasai, chuma kilifuliwa na Il-kunono, ukoo wa wahunzi ulioishi kando na wengine. Mpini huviringishwa ngozi, na ala ni ya mti uliovikwa ngozi nyekundu. Nyingi za leo zimetokana na mapanga yaliyokatwa. Si bandia, ndiyo maisha ya sime ya leo. Tazama ngozi ya mpini: ikiwa imelainika na kuwa nyeusi palipo na vidole vinne, sime hiyo imefanya kazi. Ikiwa imefanana pande zote, ilitengenezwa kuuzwa.

Hewa ya Dar ni adui wa kwanza

Jiji hili lina chumvi na unyevu. Kisu ukikiacha wakati wa masika bila mafuta, mwezi Juni utakikuta na madoa. Pangusa kengee kwa mafuta ya cherehani, matone mawili yanatosha. Usikihifadhi kisu ndani ya ala yake ya ngozi, kwani ngozi huvuta unyevu na kuuma chuma. Funga kisu kwenye kitambaa cha pamba, ala iweke kando. Vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe.

Mti haupendi kulowekwa. Usikiache kisu cha mti kwenye beseni la vyombo, kama tulivyofanya nyumbani kwa miaka yote ile. Pakaa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo ya nazi mara mbili kwa mwaka, ukisugua kwa kiganja hadi mkono upate moto. Pembe huchukia maji na jua kwa pamoja, hupinda, na kuna wadudu wanaoitoboa, kwa hiyo ikague kila baada ya miezi mitatu. Mfupa usiuoshe kwa maji ya moto, utapasuka. Ukiona mpini wa seluloidi unaochakaa kwa vipande na kunuka kafuri, utenge na vingine vyote. Hewa yake hushikisha kutu visu vya jirani.

Kunoa, tumia kinoo chenye maji, taratibu, mwenyewe. Jiwe la kuzunguka kwa kasi ni zuri kwa kisu cha kazi, lakini moto wake huweza kuharibu ugumu wa kengee kongwe na kuila kabla ya wakati.

Kuhusu kukarabati, sheria yangu ni fupi. Kaza kilicholegea, usiondoe kilichozeeka. Weusi wa jasho, mwanya mdogo, noleo lililokwaruzwa, ndiyo thamani yenyewe. Mtu anayepiga msasa mpini wa miaka hamsini hadi ung'ae anafuta alichokinunua.

Adabu na sheria nyinginezo

Mkusanyo ni wa nyumbani. Kanuni ya Adhabu inamkataza mtu kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu, na askari hana wajibu wa kujua kwamba wewe ni mpenzi wa mpingo. Ndege na boti za Unguja zina ukaguzi wake, usiweke kisu kwenye begi la mkononi. Watoto wakiwapo nyumbani, sanduku lifungwe kwa kufuli. Methali ya kumpa mtoto anayelilia wembe ni ya kumfundisha mkaidi, si ya kulelea.

Ukibahatika kupata kitu cha kale kweli, kumbuka Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na havitoki nchini bila leseni. Ukitaka kulizoeza jicho, nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, jengo lililofunguliwa mwaka 1940. Kutazama kitu cha kweli kwa saa moja kunakukinga na utapeli wa miaka mingi.

Daftari kabla ya sanduku

Kitu cha mwisho cha kununua, ambacho ningekuomba kiwe cha kwanza, ni daftari la kurasa 96. Kila kisu kipate ukurasa wake: kimetoka kwa nani, siku gani, mpini wa nini, umejuaje kwamba ni huo, nani aliutia, kilikuwa kikikata nini. Kisu kisicho na ukurasa ni chuma tu, na ukifa wanao watakiuza kwa kilo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni wa kile kisu cha Temboni. Nimeandika: mpini mpingo, wa babu. Noleo la shaba. Kengee ya tatu. Mpira wa baiskeli ulifungwa na mama, sijautoa, nimeushona tu palipokatika. Nilipomsomea, mama alinisahihisha jambo moja ambalo nisingelijua kamwe: mpira ule ulifungwa na baba.

Kwa hiyo, msomaji, usiende Manzese kesho. Leo jioni fungua droo ya jikoni kwenu, toa kisu kikongwe kuliko vyote, mpelekee mkubwa wa nyumba, umuulize mpini huu ni wa nini na nani aliutia. Andika anachosema wakati bado yupo wa kukusahihisha.